Mzee kaacha dawa ya kolesteroli eti kipimo kimekaa sawa. Hivi hii dawa inafanya nini kwenye mshipa?

#1 KitindaMimba wa Makole

Mbukwenyi wakuu.

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, miaka 68, yuko Mpunguzi na mizabibu yake. Mwaka juzi asubuhi moja alishindwa kushika kikombe cha chai, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayatoki. Baada ya kama dakika arobaini akawa mzima kabisa na akaanza kuulizia jembe. Tukamburuza hospitali kwa nguvu. Wakatuambia ni kiharusi cha kupita, kwamba hilo ni onyo. Akatoka na dawa ya presha, aspirini ndogo na atorvastatini miligramu 40 kila siku. LDL yake, ile wanaita kolesteroli mbaya, ilikuwa milimoli 4.1 kwa lita.

Juzi juzi nimempeleka kupima tena, imekuja 1.8. Nikashangilia pale pale mapokezi. Kumbe najichongea. Mzee kaikunja karatasi, kaiweka mfuko wa shati, tulipofika nyumbani akasema: "Tanki likijaa unazima pampu." Leo siku ya tisa hajameza.

Nilimrudisha kwa daktari. Tumekaa foleni toka saa 12 asubuhi, tumeingia saa 8 mchana, daktari kijana kamwambia "mzee meza tu, hizi ni za maisha," akaita mgonjwa mwingine. Sasa mtu aliyefundisha hesabu miaka 34 huwezi kumwambia "meza tu". Anataka njia ya kufikia jibu.

Kwa hiyo nauliza kwa niaba yake: namba ikishashuka, dawa inabaki na kazi gani? Kuna jirani yetu kasema inatibu ukuta wa mshipa wenyewe. Kweli au ni maneno ya wauza dawa?

#2 FundiBomba Nkuhungu

Pole na mzee, mkuu. Mimi si daktari ila mabomba nayajua. Maji yetu haya ya Dodoma yana chumvi, fungua koki ya miaka mitatu uone gamba lake. Mshipa ni hivyo hivyo, mafuta yanaganda pembeni, dawa inayayeyusha. Ukishasafisha bomba umemaliza kazi, hurudii kila siku. Mzee yuko sahihi.

#3 MaabaraUsiku

Fundi, kuhusu koki sikubishii. Shida ya mfano wako ni kwamba bomba halina uhai, mshipa unao.

Ndani ya mshipa kumetandikwa safu moja tu ya seli, zimebanana kama vigae. Zinaitwa seli za endothelia. Kwa miaka mingi hata wataalamu walizihesabu kama sakafu, kazi yake damu isivuje, basi. Mpaka Mmarekani mmoja, Robert Furchgott, alipokuwa anapima vipande vya mshipa mkuu wa sungura. Akiweka asetilikolini (kemikali ya kupeleka ujumbe mwilini), vipande vingine vinalegea, vingine vinakaza. Dawa ile ile. Mwisho akagundua kwamba vile vinavyokataa kulegea vilikuwa vimekwanguka utando wa ndani wakati wa kuviandaa. Yaani ile "sakafu" ndiyo iliyokuwa inatoa amri kwa misuli ya mshipa: legea! Alichapisha hilo mwaka 1980. Baadaye ikajulikana kwamba amri yenyewe inabebwa na gesi, oksidi ya nitriki, na mwaka 1998 yeye pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad wakapewa Nobel. Wenye wazee wa moyo wanaoweka nitrogliserini chini ya ulimi kifua kikibana, kile kidonge kinaleta gesi hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Gamba la mshipa halijibandiki kwa juu kama chokaa ya koki. Chembe za LDL zinapenya ile safu ya seli, zinanasa ndani ya ukuta na kuharibika huko. Seli za endothelia zinakasirika, zinaota vinasio vya kudaka chembe nyeupe za damu zinazopita. Hizo chembe nyeupe nazo zinaingia ukutani, zinakula mafuta mpaka ukiziangalia kwenye hadubini zinafanana na povu. Seli za misuli laini za tabaka la kati zinahama kwao, zinakuja kujenga kifuniko cha kovu juu ya uchafu wote huo. Ukitaka mfano, fikiria jipu chini ya ngozi. Siku kifuniko kikichanika, damu inakutana na kilichomo na kuganda hapo hapo. Bonge likiwa kwenye moyo, ni shambulio la moyo. Likiwa shingoni likameguka kwenda kwenye ubongo, ni kile kikombe cha chai cha mzee.

Kinachoudhi ni kwamba mara nyingi jipu linalopasuka ni lile ambalo hata njia lilikuwa halijaziba sana. Ndiyo maana mtu anakwambia "jana tu nilipanda mlima".

#4 Mrangi wa Kondoa

Somo limekaa vizuri. Ila kama LDL iko kwenye damu yote, mbona jipu lisiwe mwili mzima? Mbona sehemu fulani fulani tu?

#5 MaabaraUsiku

Swali zuri. Wewe wa Kondoa unajua makorongo. Mvua ikishuka kwa nguvu, mahali korongo lilipo nyoofu maji yanapita mbio. Mchanga unakusanyika wapi? Kwenye kona na kwenye matawi, pale maji yanapozunguka zunguka.

Seli za endothelia zinahisi mtiririko wa damu. Pale damu inapopita nyoofu na kwa kasi, zinajipanga kuelekea upande wa mtiririko, na ndani yake kuna swichi ya jeni inaitwa KLF2 inawaka: gesi ya kulegeza inatoka kwa wingi, vinasio vinapungua. Kwenye matawi damu inayumba, swichi inazimika, seli zinakaa kihasara hasara. Hapo ndipo LDL inapopata mlango. Tofauti na korongo, hapa kinachoamua ni tabia ya seli kuliko kutuama kwa mchanga.

Na cha kushangaza, ukizipa seli hizo statini (ndilo kundi la dawa la atorvastatini ya mzee) maabara, KLF2 inawaka hata bila mtiririko. Nitaeleza kwa nini, ngoja nimalize zamu.

#6 TibaAsiliHalisi

Acheni kemikali za wazungu. Ninayo dawa ya mitishamba ya KUSAFISHA MISHIPA ndani ya siku 21, haina madhara, naituma mikoa yote, njoo inbox...

#7 DawaBaridi Area C

Hapo juu: hizo "kemikali za wazungu" aliyezigundua ni Mjapani, Akira Endo, aliyefariki 2024 akiwa na miaka 90. Alichambua maelfu ya ukungu na vijidudu vingine akitafuta kinachozuia kolesteroli kutengenezwa, na mwaka 1973 akaipata kwenye ukungu wa Penicillium citrinum, uliotoka kwenye mchele wa duka la nafaka huko Kyoto. Statini ya kwanza kuruhusiwa sokoni Marekani, lovastatini, 1987, nayo ilitoka kwenye ukungu wa Aspergillus terreus. Kwa hiyo asili kwa asili, hii ilishapimwa kwa maelfu ya watu. Yako umeipimia wapi, mkuu?

Mods tusaidieni kusafisha uzi.

#8 FundiBomba Nkuhungu

😂😂 Uzi usafishwe ndani ya siku 21.

#9 DawaBaridi Area C

Nirudi kwa mtoa mada, maana swali lake la kwanza halijajibiwa. Mimi niko duka la dawa, kisa cha mzee nakiona kila mwezi.

Kolesteroli nyingi haitoki kwenye sahani, ini linaitengeneza lenyewe. Statini inakalia kimeng'enya kimoja, yaani protini inayoendesha utengenezaji huo, na kukizuia. Ini likikosa ya kwake, linaota vipokezi vingi zaidi usoni mwake na kuanza kuivuta LDL kutoka kwenye damu. Namba inashuka. Lakini kidonge hakikai mwilini. Ukiacha, kimeng'enya kinaamka, vipokezi vinapungua, na ndani ya wiki chache namba inarudi ilikotoka. Ile 1.8 ni namba ya mzee AKIWA NA DAWA.

Yeye ni mwalimu wa hesabu, mwambie hivi: ametoa kitu upande mmoja wa mlinganyo halafu anategemea upande wa pili ubaki vile vile.

#10 FundiBomba Nkuhungu

Ngoja. Hapo mmenigusa kwenye kazi yangu, na nafuta nilichosema #2.

Nilishawahi kuchimba shimo la tanki la chini Kikuyu hapa Dodoma, mvua za Januari, maji yanachuruzika kutoka ardhini usiku na mchana. Tukaweka pampu ya kutoa maji. Asubuhi bosi mwenye nyumba kakuta shimo kavu, kazima pampu, "inakula umeme bure". Mchana saruji yote imeelea.

Mzee anafikiria pampu ya kujaza tanki. Hii ni pampu ya kukausha shimo. Shimo ni kavu KWA SABABU pampu inafanya kazi.

#11 KitindaMimba wa Makole

Fundi nimekuelewa kuliko daktari. Nampigia jioni nimpe hiyo.

#12 MaabaraUsiku

Fundi kamaliza kila kitu lol. Nimalizie la ukuta wa mshipa maana niliahidi.

Kile kimeng'enya ambacho statini inakikalia hakipo kwenye ini tu. Kipo kwenye seli karibu zote, za endothelia zikiwemo. Na kinachozalisha, mevalonati, hakiishii kwenye kolesteroli. Ni kama unga: nyumba moja inapika ugali, uji na maandazi kutoka debe moja. Seli inatumia mevalonati hiyo hiyo kutengeneza mikia midogo ya mafuta ambayo inaifunga kwenye protini fulani. Bila mkia protini haiwezi kung'ang'ania utando wa seli, inabaki inaelea katikati bila kazi.

Protini mojawapo inaitwa Rho. Akiwa na mkia wake, Rho anakaza mifupa ya ndani ya seli, na pia anafupisha maisha ya ule ujumbe wa jeni unaosema "tengeneza kimeng'enya cha oksidi ya nitriki". Ujumbe unachakaa kabla haujasomwa vya kutosha. Statini ikifunga kinu, Rho anakosa mkia, ujumbe unadumu, kimeng'enya kinaongezeka, gesi inatoka. Hiyo ilionyeshwa kwenye seli za binadamu mwaka 1998, na ushahidi wake mtamu ni huu: wakizirudishia zile seli mevalonati, faida inafutika, japo dawa bado ipo.

Ndugu yake Rho, anaitwa Rac, anaendesha mashine inayotoa oksijeni kali zinazoila ile gesi kabla haijafika kwenye misuli. Naye akikosa mkia anapoa. Yaani gesi inatengenezwa zaidi na inaharibiwa kidogo. Vinasio navyo vinapungua, na seli za misuli laini zinapunguza kasi ya kuzaliana na kuhama. Kwa wagonjwa, wakipiga picha kwa kamera ndogo ndani ya mishipa ya moyo, wanaona kifuniko cha jipu kinanenepa, na chokaa ndani yake inaongezeka. Usishtuke na chokaa, jipu lililokauka ni bora kuliko bichi.

#13 Mbishi wa Ihumwa

Nimesoma yote, ni matamu. Sasa nami nibishe kidogo, ndiyo kazi yangu humu.

MaabaraUsiku, seli za kwenye sahani mnazimwagia statini kiasi gani? Majaribio mengi yanatumia kiwango kikubwa kuliko kinachopatikana kwenye damu ya mtu aliyemeza kidonge. Na kuna majaribio yalionyesha kiwango kidogo kinasaidia seli za endothelia kujenga mishipa midogo, kikubwa kinazizuia na hata kuziua. Sahani ya maabara siyo mzee wa Mpunguzi.

Pili, kama siri ni ukuta, mbona dawa zinazoshusha LDL kwa njia nyingine kabisa nazo zinasaidia? Ezetimibe inazuia kolesteroli kufyonzwa tumboni, haigusi Rho wala Rac. Utafiti uliotoka 2015, wagonjwa 18,144, waliongezewa ezetimibe juu ya statini wakapata mashambulio machache zaidi. Sindano za kuzuia PCSK9 (protini inayopunguza vile vipokezi vya LDL kwenye ini), 2017, wagonjwa 27,564, hivyo hivyo. Kwa hiyo ni LDL, wakuu. Ukuta unapona kwa sababu haumwagiwi uchafu tena.

#14 MaabaraUsiku

Mbishi, hoja ya kwanza nakupa yote. Ya pili nakupa robo tatu.

Robo yangu ni hii. Mwaka 2005 walichukua kikundi kidogo cha wagonjwa wa moyo uliochoka, wengine simvastatini, wengine ezetimibe, wiki nne. LDL ilishuka karibu sawa. Mshipa wa mkono ulipopimwa unavyotanuka damu ikiongezwa, uliboreka kwa wa simvastatini tu. Utafiti mdogo, ndiyo, na kuna tafiti nyingine zilizopingana nao. Halafu kuna ule wa rosuvastatini wa 2008, watu 17,802 ambao LDL yao haikuwa juu ila alama ya uvimbe kwenye damu, CRP, ilikuwa juu. Mashambulio, viharusi na matukio mengine ya mishipa yalipungua kwa asilimia 44.

#15 Mbishi wa Ihumwa

Na LDL yao nayo ilishuka nusu nzima. Hujathibitisha kitu, umeleta chai nyingine tu.

#16 MaabaraUsiku

😅 Ndiyo maana nimesema robo. Ninavyoona mimi: mzigo mkubwa unabebwa na kushuka kwa LDL. Kila ikishuka milimoli moja kwa lita, matukio makubwa ya moyo na mishipa yanapungua kwa karibu moja ya tano, hilo limerudiwa kwenye tafiti nyingi mno. Ile habari ya Rho ni nyongeza, ya kweli kwenye seli, ila ukubwa wake kwa binadamu bado watu wanavutana. Jirani wa mtoa mada hajadanganya. Kakuza.

#17 Mama Alizeti (Singida)

Habari zenu wanangu. Mimi nilipewa hizo dawa, miguu ikaanza kuuma, mapaja kama nimetwanga uwele siku nzima. Nikaacha. Nilikosea?

#18 DawaBaridi Area C

Shikamoo mama. Hukukosea kulalamika, ulikosea kuacha kimya kimya. Rudi kwa aliyekuandikia, kuna kubadilisha aina na kupunguza dozi.

Maumivu ya misuli yapo. Ila kuna utafiti wa Uingereza, 2020, walichukua watu 60 walioacha statini kwa sababu ya madhara. Kwa mwaka mzima wakawapa miezi mingine kidonge chenye dawa, mingine kidonge kitupu kinachofanana, mingine wasimeze chochote, bila mpangilio na bila kujua kipi ni kipi kati ya vidonge. Asilimia 90 ya mateso waliyoyapata kwenye dawa waliyapata pia kwenye kidonge kitupu. Sikwambii unajisingizia mama, maumivu yanauma kweli hata yakianzia kwenye hofu. Nusu yao waliporudishiwa matokeo yao waliweza kuendelea na dawa.

Cha kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo ni misuli kuishiwa nguvu na mkojo kuwa mweusi kama kokakola. Ni nadra, lakini usingoje. Kuna statini moja, serivastatini, iliondolewa sokoni 2001 kwa sababu hiyo hiyo.

#19 Mama Alizeti (Singida)

Marahaba. Mkojo ni mzuri. Nitarudi kliniki Jumatatu.

#20 MgeniTu

Samahani naingilia. Kwa sisi tunaotumia ARV je?

#21 DawaBaridi Area C

Umeuliza la maana, na wala usiombe samahani. Virusi vinaacha uvimbe wa chini chini kwenye mishipa hata dawa zikiwa zimevidhibiti. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya watu 7,769 wanaoishi na VVU, Uganda ikiwemo, waliopewa pitavastatini au kidonge kitupu. Matukio makubwa ya moyo na mishipa yalipungua kwa asilimia 35. Ila usijinunulie: simvastatini haichanganywi kabisa na ARV zenye ritonaviri. Onyesha daktari orodha yako yote.

#22 Mbishi wa Ihumwa

Na msiwafiche watu habari ya sukari. Statini inapandisha kidogo uwezekano wa kisukari, hasa kwa aliyekuwa tayari mlangoni.

#23 DawaBaridi Area C

Kweli kabisa. Ndiyo maana tunapima sukari. Kwa mtu aliyeshapata onyo kama la mzee, hesabu bado inaegemea kwenye kumeza.

#24 KitindaMimba wa Makole

Mrejesho wakuu.

Nimeenda Mpunguzi jana. Nikaanza na Rho na mikia, mzee kanisikiliza kwa heshima kama anavyomsikiliza mchungaji. Nikahamia mlinganyo, kavua miwani. Nikamalizia na shimo la Kikuyu. Kakaa kimya muda mrefu, akasema: "Huyo fundi ana akili. Mwambie bosi wake alikuwa mjinga kama mimi." Kameza usiku huo mbele yangu, na kesho tunarudi kliniki kuwaambia ukweli kwamba aliruka siku kadhaa.

Ila kaandika maswali kwenye daftari, yako kumi na moja. La kwanza limenishinda. Kwenye ile karatasi ya Kiingereza ya ndani ya boksi wamekataza greipufruti. Kumbe mwaka mzima kajinyima zabibu! Msimu mzima kauza zote, hajaonja hata punje, anadhani ndizo zilizokatazwa, maana "grape" kwa Kiingereza ni zabibu.

#25 DawaBaridi Area C

Eeh Mungu wangu. Mkuu, hilo ni BALUNGI. Balungi linazuia kimeng'enya cha kuvunja dawa, dawa inajaa kwenye damu. Simvastatini na atorvastatini ni kati ya zinazoathirika. Zabibu haihusiki kabisa, sukari yake tu ndiyo aiangalie.

#26 FundiBomba Nkuhungu

Mwambie mzee ale zabibu zake leo leo. Na mimi kwa lile shimo anitumie kilo mbili, nauli ya basi nalipa.